Konrad Adenauer: Mzee aliyeirudishia Ujerumani jeshi bila kuwahi kuwa mwanajeshi

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, jeshi la Ujerumani limekuwa habari ya kila wiki. Serikali ya mjini Berlin ilitenga mfuko maalumu wa yuro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi hilo, ikaamua kuweka brigedi ya kudumu nchini Lithuania, na suala la kuwaandikisha vijana jeshini, ambalo wengi walidhani limezikwa mwaka 2011, limefufuka. Anayefuatilia taarifa hizi huenda akajiuliza kwa nini nchi tajiri namna hii hulizungumzia jeshi lake kwa kigugumizi, na kwa nini karibu kila hatua yake ya kijeshi huambatanishwa na Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya mtu mmoja, Konrad Adenauer, kansela wa kwanza wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani.

Adenauer alizaliwa Januari 5, 1876, mjini Köln, katika familia ya Kikatoliki isiyo na mali nyingi. Baba yake alikuwa karani wa mahakama. Alisoma sheria, akaingia katika utawala wa mji, na mwaka 1917, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa bado vinapiganwa, akachaguliwa kuwa meya wa Köln. Wakati wa njaa ya vita alitengeneza mkate wa unga wa mahindi na soseji ya soya ili watu wa mji wapate chakula. Mwaka huohuo wa 1917 gari lake liligongana na tramu, na majeraha ya ajali hiyo yakauachia uso wake ule muonekano mgumu tunaouona katika picha zake zote. Jeshini hakuwahi kutumikia, si ujanani wala baadaye.

Alikuwa meya kwa miaka 16. Februari 1933, Hitler alipofika Köln kwa kampeni, Adenauer hakwenda kumpokea uwanja wa ndege na akaamuru bendera za Wanazi ziondolewe kwenye daraja la mto Rhine. Wiki chache baadaye aliondolewa madarakani. Alijificha kwa takriban mwaka mmoja katika monasteri ya Maria Laach, ambayo abate wake alikuwa mwenzake wa shuleni, kisha akahamia Rhöndorf, kijiji kilicho kando ya Rhine, ambako alipanda mawaridi na kungoja. Mwaka 1944, baada ya jaribio la kumuua Hitler kushindwa, polisi wa siri wa Gestapo walimkamata. Alitoroka, lakini mkewe Gussie alikamatwa na kushinikizwa mpaka akataja mahali mumewe alipojificha. Gussie hakupona tena vizuri baada ya kufungwa, na alifariki mwaka 1948. Aliyoyapitia nyumbani kwake ndiyo yaliyomfanya awe na hofu mbili maishani: hofu ya dola lisilo na mipaka, na hofu ya Wajerumani wenyewe pale wanapoachwa peke yao katikati ya Ulaya.

Wamarekani walipoiteka Köln mwaka 1945 walimrudisha katika umeya. Baada ya miezi michache eneo hilo likakabidhiwa kwa Waingereza, na Oktoba mwaka huohuo afisa wao mmoja akamfukuza kazi kwa madai ya uzembe. Kwa kufukuzwa huko Adenauer alipata muda wa kujenga chama kipya cha Wakristo wa kidemokrasia, CDU. Alikuwa na miaka 69, umri ambao wengine huwa wanahesabu wajukuu.

Zulia la Petersberg

Septemba 15, 1949, Bunge la Shirikisho mjini Bonn lilimchagua kuwa kansela. Alihitaji kura 202, na alipata 202 kamili, yake mwenyewe ikiwemo. Alikuwa na miaka 73, na wengi waliamini atakaa madarakani mwaka mmoja au miwili tu. Alikaa miaka 14. Wajerumani walimpa jina ambalo kwa Kiswahili halihitaji maelezo: walimwita Mzee.

Nchi aliyoichukua ilikuwa nusu ya nchi. Mashariki, Umoja wa Kisovieti ulikuwa unaisimamisha dola nyingine ya Kijerumani. Magharibi, mamlaka ya mwisho yalikuwa mikononi mwa makamishna wakuu watatu, wa Marekani, Uingereza na Ufaransa, waliokuwa na ofisi katika hoteli ya Petersberg, juu ya kilima kinachotazama mto Rhine. Bonn haikuwa na wizara ya mambo ya nje. Haikuwa na jeshi, na katiba mpya haikulitaja jeshi lolote. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu vita vilivyoua mamilioni ya watu, na hakuna jirani aliyetamani kumwona tena Mjerumani akiwa na bunduki. Wajerumani wengi nao hawakutaka kuishika.

Kuna tukio la Septemba 21, 1949, ambalo husimuliwa mara nyingi. Adenauer alipanda Petersberg na mawaziri wake kadhaa kupokea rasmi sheria ya ukaliaji. Makamishna watatu walisimama juu ya zulia, na kansela alitakiwa kubaki nje ya zulia hilo hadi shughuli imalizike. Kamishna wa Ufaransa alipopiga hatua kumsalimia, Adenauer naye alipiga hatua mbele na kusimama juu ya zulia. Hakuna aliyemwambia ashuke. Siasa yake yote ya usalama iliyofuata ilifanana na hatua ile. Hakuomba haki kwa kupaza sauti. Alisogea kidogo kila alipopewa nafasi, na hakurudi nyuma.

Wapinzani wake waliona vingine. Kurt Schumacher, kiongozi wa chama cha SPD aliyekaa miaka mingi katika kambi za mateso za Wanazi, alimshutumu bungeni mwezi Novemba 1949 kwamba ni kansela wa mataifa yaliyoikalia nchi, si wa Wajerumani. Shutuma hiyo ilimfuata Adenauer kwa miaka mingi, na hatuwezi kusema haikuwa na msingi.

Korea yabadili hesabu

Juni 25, 1950, majeshi ya Korea Kaskazini yalivuka mpaka na kuingia Korea Kusini. Korea iko mbali na Bonn, lakini mfano ulikuwa karibu mno: nchi iliyogawanywa, nusu ya kikomunisti ikiivamia nusu nyingine. Ujerumani Mashariki tayari ilikuwa na polisi wenye silaha waliowekwa kambini kama askari. Marekani, ambayo majeshi yake yalikuwa yanapigana Asia, ilianza kuuliza ni nani atakayeilinda Ulaya.

Adenauer aliona mlango umefunguka. Mwishoni mwa Agosti 1950 aliwapelekea Wamarekani waraka akieleza kwamba Ujerumani Magharibi iko tayari kuchangia kikosi katika jeshi la pamoja la Ulaya. Sambamba na hilo alitaka uhusiano wa nchi yake na mataifa yaliyoikalia ujadiliwe upya. Kwa maneno ya kawaida, askari kwa upande mmoja na mamlaka ya dola kwa upande mwingine. Hakulishauriana na baraza lake la mawaziri kabla ya kuutuma waraka huo. Waziri wake wa mambo ya ndani, Gustav Heinemann, aliyeamini kwamba taifa lililotoka kuangamia halipaswi kukimbilia silaha, alijiuzulu. Heinemann alikuja kuwa rais wa nchi mwaka 1969.

Mitaani kulizuka vuguvugu lililoitwa Bila Mimi. Lilikuwa na vijana, wajane wa vita, wachungaji wa Kiprotestanti na wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Hawakuwa wakomunisti wote, ingawa serikali ilipenda kuwaonyesha hivyo. Wengi walikuwa watu waliochoka kuzika.

Ufaransa nayo ilikuwa katika njia panda. Haikutaka jeshi la Ujerumani, lakini haikuweza kuikatalia Marekani moja kwa moja. Waziri mkuu René Pleven alipendekeza Oktoba 1950 jeshi moja la Ulaya ambamo Wajerumani wangeingizwa katika vikosi vidogo vidogo chini ya makamanda wa pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya ulisainiwa mjini Paris Mei 27, 1952, na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Adenauer aliuamini mpango huo kwa dhati. Kwake, askari wa Kijerumani aliyevaa sare ya Ulaya alikuwa dawa ya hofu zake zote mbili.

Barua ya Stalin

Hapa tunafika kwenye swali ambalo wanahistoria hawajalimaliza. Machi 10, 1952, wiki chache kabla ya mkataba huo kusainiwa, Stalin alizipelekea Marekani, Uingereza na Ufaransa barua yenye pendekezo la kushangaza: Ujerumani iunganishwe, iwe na serikali moja na hata jeshi lake yenyewe, kwa sharti kwamba isijiunge na muungano wowote wa kijeshi dhidi ya nchi ilizopigana nazo katika vita.

Adenauer alilichukulia pendekezo hilo kuwa mtego wa kuvuruga mkataba uliokuwa unakaribia kusainiwa. Aliwasihi mataifa ya Magharibi yasikae kitako kujadiliana, na yenyewe hayakuhitaji kusihiwa sana. Barua zilijibizana kwa miezi kadhaa, kisha jambo likafa. Juni 17, 1953, wafanyakazi wa Ujerumani Mashariki walipoandamana, vifaru vya Kisovieti viliwazima.

Je, milioni 17 na zaidi ya Wajerumani wa Mashariki waliachwa ili walio Magharibi wapate usalama? Kwa maoni yetu, Adenauer huenda alikuwa sahihi kuhusu nia ya Stalin, lakini alikosea kutodai nia hiyo ipimwe hadharani. Pendekezo ambalo halikupimwa limebaki jeraha. Watu waliokaa upande wa pili wa mpaka hawakupewa hata heshima ya kuona limekataliwa baada ya mazungumzo. Hata hivyo wapiga kura wa Magharibi walikuwa wametoa uamuzi wao: Septemba 1953 walikipa chama chake na washirika wao wa Bavaria zaidi ya asilimia 45 ya kura. Usalama uliokuwapo uliwapendeza kuliko umoja wa kukisia.

Kisha pigo likatoka mahali asipotarajia. Agosti 30, 1954, bunge la Ufaransa liliutupa mkataba wa jeshi la Ulaya, mkataba ambao Ufaransa yenyewe ndiyo iliyoubuni. Miaka minne ya kazi ilipotea siku moja.

Uokozi ulikuja haraka, na kwa sehemu kubwa kupitia kwa Waingereza. Katika mkutano wa London, na kisha katika Mikataba ya Paris ya Oktoba 23, 1954, ilikubaliwa kwamba Ujerumani Magharibi iingie moja kwa moja katika NATO. Uingereza iliahidi kubakisha divisheni nne na kikosi cha anga barani Ulaya, ili Wafaransa walale usingizi. Adenauer alitoa ahadi nzito kuliko zote. Nchi yake haitatengeneza silaha za nyuklia, za kibaolojia wala za kemikali katika ardhi yake. Haitatumia nguvu kuiunganisha Ujerumani. Majeshi yake yatawekwa chini ya kamandi ya NATO. Wakati nchi nyingine zilijiunga na muungano huo zikiwa na majeshi yao na kuchangia sehemu, Wajerumani walikubali jeshi ambalo lingezaliwa ndani ya muungano. Mei 5, 1955, ukaliaji ulikoma. Siku chache baadaye Ujerumani Magharibi ilikaribishwa Paris kama mwanachama wa 15. Jibu la Moscow halikuchelewa: Mei 14 Mkataba wa Warsaw ulisainiwa, Ujerumani Mashariki ikiwemo.

Jeshi lililowekewa breki

Novemba 12, 1955, katika kambi moja mjini Bonn, wanaume 101 walipewa hati zao za kuingia jeshini. Wengi wao walikuwa wamevaa suti za kiraia kwa sababu sare hazikutosha. Januari 1956 Adenauer alikwenda Andernach kuwaona wanajeshi wa kwanza wa kujitolea, yeye mzee wa miaka 80 akiwa na koti refu na kofia mkononi. Julai mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Lengo lilikuwa askari wapatao nusu milioni.

Jeshi hilo, Bundeswehr, lilijengwa likiwa na breki. Linaongozwa na waziri wa kiraia wakati wa amani, na bunge lina mjumbe wake maalumu ambaye askari wa cheo chochote anaweza kumpelekea malalamiko bila kupitia kwa mkubwa wake. Mwanajeshi alifundishwa kwamba yeye ni raia aliyevaa sare na kwamba si kila amri inatiiwa. Lakini hatuwezi kuupamba ukweli. Maafisa walioliunda, kina Adolf Heusinger na Hans Speidel, walikuwa majenerali wa Hitler, kwa kuwa majenerali wengine wenye uzoefu hawakuwepo. Na katika ofisi ya kansela mwenyewe, msaidizi wake mkuu alikuwa Hans Globke, mwanasheria aliyeandika ufafanuzi wa sheria za ubaguzi wa rangi za Wanazi. Adenauer alijua. Alimbakisha hadi siku ya mwisho.

Septemba 1955 alikwenda Moscow, akakubali kuanzisha uhusiano wa kibalozi, na badala yake wafungwa wa vita wa mwisho, karibu 10,000, wakarejea nyumbani pamoja na raia wengi. Kwa akina mama waliosubiri kwenye vituo vya treni wakiwa wameshika picha za wana wao, hilo lilikuwa kubwa kuliko NATO.

Safari hiyo iliacha tatizo: Moscow sasa ilikuwa na mabalozi wa Ujerumani zote mbili. Bonn ikatangaza kwamba nchi nyingine yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kufanya tendo lisilo la kirafiki. Msimamo huo ulipewa jina la Walter Hallstein, afisa wa juu wa wizara ya mambo ya nje, na uliwafikia hata watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni kumbukumbu ya urafiki huo. Muungano na Tanganyika ulipokuja, Bonn iliishinikiza serikali mpya. Mwaka 1965 Tanzania iliporuhusu ofisi ya konseli mkuu wa Ujerumani Mashariki mjini Dar es Salaam, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na msaada wa serikali uliobaki. Adenauer alikuwa amekwishastaafu, lakini fimbo iliyotumika ilikuwa yake.

Atomu, ukuta na gazeti

Mwaka 1957 Mzee aliteleza. Akizungumza na waandishi wa habari alizieleza silaha ndogo za nyuklia kana kwamba ni mizinga iliyoboreshwa tu. Wanasayansi 18, wakiwemo Otto Hahn, Max Born na Werner Heisenberg, walitoa tamko mjini Göttingen wakieleza kwamba bomu moja la aina hiyo lingeweza kuuteketeza mji mdogo, na kwamba wao hawatashiriki kutengeneza silaha hizo. Hata hivyo miezi mitano baadaye Adenauer alishinda uchaguzi kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Mwaka 1958 bunge liliidhinisha Bundeswehr kupewa zana za kurushia silaha za nyuklia, huku vichwa vyenyewe vikibaki mikononi mwa Wamarekani. Utaratibu wa namna hiyo upo hadi leo. Mwaka 1960 hata SPD, kupitia hotuba ya Herbert Wehner bungeni, ilikubali NATO kuwa msingi wa siasa ya nje.

Agosti 13, 1961, Ujerumani Mashariki ilianza kujenga ukuta katikati ya Berlin. Washirika wa Magharibi hawakufanya chochote cha kuuzuia, na Adenauer alifika Berlin baada ya siku tisa. Watu wa mji huo hawakumsamehe upesi. Yeye naye alianza kuwatilia shaka Wamarekani, akamgeukia Charles de Gaulle. Januari 22, 1963, wawili hao walisaini mkataba wa urafiki katika ikulu ya Élysée. Bunge la Bonn liliuridhia, lakini liliongeza utangulizi uliosisitiza kwamba uhusiano na Marekani na NATO uko palepale. De Gaulle alikasirika. Tunaona hapo kejeli ya historia: Adenauer alikuwa amewafunga Wajerumani kwa muungano kwa ustadi mkubwa hata yeye mwenyewe hakuweza kulegeza kamba.

Kilichomwangusha kilihusu jeshi vilevile. Oktoba 1962 jarida la Der Spiegel liliandika kuhusu luteka ya NATO iliyoonyesha kwamba Bundeswehr halikuwa tayari kikamilifu kuilinda nchi. Polisi walivamia ofisi za jarida hilo, na mchapishaji wake Rudolf Augstein akawekwa rumande siku 103. Adenauer alizungumza bungeni kana kwamba usaliti umekwishathibitishwa. Nchi ilichachamaa, waziri wa ulinzi Franz Josef Strauss akaondoka, na kesi dhidi ya Augstein haikufika popote. Jeshi liliwekewa breki na sheria. Safari hii waliokanyaga breki walikuwa wanafunzi, wasomaji na waandishi, dhidi ya serikali yenyewe.

Oktoba 15, 1963, akiwa na miaka 87, alimwachia Ludwig Erhard kiti, mtu ambaye hakuwahi kuamini kwamba anakiweza. Alirudi Rhöndorf kwenye mawaridi yake na kuandika kumbukumbu zake. Alifariki Aprili 19, 1967, akiwa na miaka 91. Rais Lyndon Johnson wa Marekani na Jenerali de Gaulle walikaa katika kanisa kuu la Köln kumuaga. Baada ya ibada, jeneza lilipakiwa kwenye boti ya kivita ya jeshi la wanamaji la Ujerumani Magharibi na kusafirishwa kwenye mto Rhine kupanda hadi karibu na Rhöndorf, huku maelfu ya watu wakiwa wamesimama kando ya mto.